Gombo Lililokaushwa kwa Hita

Troyeville, Johannesburg
Jumanne, 25 Juni 2019

Mpendwa Dada Mayasa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na masika yamekwisha huko Tanga? Sisi tu wazima wa mwili. Baridi imeshika, asubuhi nyasi zina barafu. Barua hii anakuja nayo jirani yetu Tabia, anayepanda ndege kesho. Sikupiga simu kwa sababu mimi na mdogo wetu Karimu tunakaa chumba kimoja, na habari zenyewe ni zake.

Jana Rabi Lipa Rokman, mkuu wa sinagogi anakolinda Karimu, aliniambia kwamba gombo lao la Taurati halitengenezeki. Kwa desturi yao litatiwa ndani ya mtungi wa udongo na kuzikwa Jumapili hii kando ya kaburi la mwalimu wake.

Gombo hilo si kitabu cha kurasa. Ni ngozi ndefu iliyoandikwa kwa mkono, ikaviringishwa kwenye miti miwili. Rabi alilirithi kwa mwalimu wake, naye kwa wake, tangu Ukraine, kabla wazee wao hawajahamia huku. Waliowahi kulirithi wote wamekufa isipokuwa yeye.

Jumamosi ya tarehe 15 Karimu alifika kazini alfajiri, akakuta bomba limepasuka kwa baridi na maji yanachuruzika ndani ya kabati la gombo. Akampigia rabi. Simu ilikuwa imezimwa; siku ya Sabato hawagusi simu. Lango haliachwi, kwa hiyo hakuweza kumfuata nyumbani. Akalitoa gombo kabatini, akalikunjua juu ya meza, akasogeza hita ya gesi karibu.

Alifanya kama ulivyofanya wewe mwaka ule msahafu wa baba ulipolowa, ukauanika kando ya jiko la mkaa. Lakini ule ulikuwa karatasi. Ngozi ilijikunyata, wino ukabanduka. Herufi moja tu ikitoka, hawalisomi gombo mpaka irudishwe. Hapa zimetoka safu kwa safu.

Alhamisi waumini walifunga kwa msiba huo, na Karimu akafunga nao. Tangu hapo hali vizuri. Pitchou, fundi cherehani Mkongo wa chumba cha pili, alimgongea na sahani ya ugali: "Njoo ule, kaka. Hata Musa mwenyewe alivunja mbao zake za sheria!" Mimi nilicheka. Karimu aligeukia ukuta.

Si wote waliomsamehe. Mzee mmoja wa sinagogi alisema mbele yangu, "Mtu wa lango angebaki langoni." Rabi alimsikia. Akanigeukia mimi: "Yeye ndiye aliyelitoa majini. Mwambie alibebe mpaka kaburini."

Nilimfikishia. "Kaka Mselem, kwa mikono hii?"

Dada, mimi nimeshindwa. Wewe ndiye uliyemlea. Mpigie kabla ya Jumapili, na mkumbushe mwenyewe habari ya lile jiko. Anaogopa kulitaja asije akaonekana anakutwisha wewe lawama.

Nisalimie shemeji Pandu, na Tumu na mwanawe. Mungu awatunze wote, na akupe wewe maneno ya kumwambia.

Jumapili, tarehe 30, saa nne asubuhi, gari la sinagogi litampitia Karimu hapa. Hajasema kama atapanda.

Mdogo wako, mwenye kukupenda siku zote,
Mselem