Meno ya Valvu na Ndoo ya Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudi kutoka shule, nimebadili sare, nimejaza maji ndoo ya karakana yetu ya uhunzi. Kama kila siku. Ndoo ni ya marehemu Baba. Kila kinachotoka motoni lazima kizamishwe humo: panga, jembe, sululu. Kinalia chwaaa, na Nyamisangura nzima inajua kaka Marwa yuko kazini, kama ilivyojua kwa Baba.

Leo Mzee Mwita amerudisha valvu ya pampu yake. Pampu hiyo inasukuma tope kutoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mchanga umekula kizibo cha valvu kama panya anavyokula sabuni. Mara ya pili hii. Amesema kikiliwa tena, kazi zake zote anapeleka Mwanza. Hatuna mteja mwingine mkubwa.

Jioni nimekuta gambuti mpya mlangoni. Za Marwa. Anataka kwenda mashimoni kuchimba. Baba mdogo aliingia huko, hakutoka. Mama ameziangalia, akaendelea kusonga ugali. Naogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Marwa amenunua kwa watu wa skrepa vichwa vya drili vilivyochoka, vile vya kutoboa miamba. Ndani yake kuna vipande vya kijivu, vidogo lakini vizito ajabu. Mafundi wanaviita meno. Ukipitisha tupa, inayolika ni tupa.

Anayapanga meno kwenye uso wa chuma, ananyunyiza boraksi, unga wa kusaidia shaba ishike, anayeyusha shaba kwa gesi mpaka ipenye chini yake. Mchanga ukija, ukutane na meno kwanza. Wazo zuri sana. Nilitaka kumwambia hivyo.

Alijaribu kwanza kwenye chuma chakavu. Halafu ndoo. Chwaaa. Kisha sauti nyingine, ndogo: tik. Jino limepasuka katikati.

Sielewi. Tupa hailiwezi, maji yameliweza?

Alhamisi, 7 Agosti

Tik tena. Na tena. Rafiki yake Chacha anasema meno ni feki. Marwa ametupa koleo pamoja na kipande kilichokuwa bado chekundu. Kikaangukia kwenye majivu ya tanuri.

“Bora shimo,” akasema. “Kule unachimba tu.”

Hakula.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi, kabla ya shule, nimefukua majivu kutafuta koleo. Nimekipata kile kipande. Kilikuwa na uvuguvugu bado. Meno yote mazima. Hata ufa mmoja hakuna.

Nimekitia kwenye begi. Sijui kwa nini sikumwonyesha.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza sura ya kitabu cha fizikia inayohusu joto. Vitu hutanuka vikipata moto na kusinyaa vikipoa, ila havisinyai sawa. Labda chuma kinasinyaa sana na jino kidogo, na maji yanafanya yote ghafla, jino linavutwa mpaka linakatika. Labda. Kitabu kinazungumzia reli na madaraja, hakitaji meno.

Na kama ni kweli, basi ndoo ya Baba inakosea. Lakini mapanga ya Baba yanakata mpaka leo. Maji yale yale yanakomaza hiki na kuua kile? Kichwa kinaniuma.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesema. Nimetoa kipande kwenye begi, nimesema kipoe kwenye majivu, polepole.

Chacha akacheka. “Mwalimu Bhoke! Chaki umeisahau wapi?”

Marwa hakucheka. “Kwa hiyo Baba hakujua kazi?”

Nimekimbilia jikoni nikalia mbele ya Mama, nikamweleza yote. Nina hasira. Sijui na nani.

Jumatano, 13 Agosti

Leo sikujaza ndoo. Si ujasiri. Nilifika bombani, nikashindwa tu.

Marwa amefunga meno kwenye kizibo chenyewe cha Mzee Mwita. Akakinyanyua kwa koleo, chekundu, akageukia ndoo. Tupu. Akaniangalia. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akatoka jikoni na karai la majivu ya moto. Akaliweka miguuni pa Marwa.

“Baba yenu alizima mapanga kwa maji,” akasema. “Haya meno hakuwahi kuyaona. Fukia.”

Akafukia. Hakuna chwaaa. Tulisimama hapo kama watu wa msibani, tukisubiri tik. Haikuja.

Alhamisi, 14 Agosti

Kizibo kimefukuliwa. Kizima. Marwa amekipeleka mwenyewe kwa Mzee Mwita. Gambuti bado ziko mlangoni.

Jumanne, 19 Agosti

Hakuna habari. Kila pikipiki ikipunguza mwendo nadhani ni valvu inarudishwa.

Jumapili, 31 Agosti

Mzee Mwita alikuja jana. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeangalia mikono yake. Alikuwa ameshika valvu, nikajua imerudishwa. Kumbe ni nyingine, ya pampu ya pili. Anataka iwekewe meno kama ile.

Marwa hajanishukuru. Aliniuliza tu ile sura ya joto ni ukurasa gani.

Nafurahi, halafu siyo furaha yenyewe. Nakumbuka chwaaa ya Baba. Bado ninajaza ndoo, kwa ajili ya mapanga.

Asubuhi hii Mama amekwenda zizini kukamua amevaa gambuti za Marwa. Zinampwaya. Marwa amemwona akipita. Hakuzidai.