Michezo ya Emil

Jumanne, 7 Mei 1996

Filister amerudi leo uso umemshuka. Nikadhani amefutwa kazi. Sisi wawili bila kazi ndani ya chumba kimoja hapa Kawangware 46! Basi tungefunga mizigo turudi Siaya.

Kumbe si hivyo. Madam wake kule Lavington amesoma kitabu fulani. Sasa mtoto wake Emil hachezi hivi hivi tu. Kila wiki iwe na mada, na yaya ndiye apange michezo. Wiki ijayo ni maji.

"Mimi maji najua ya kufua," akasema. "Baba Hope, huyo mtoto nitamfanyia nini na maji wiki nzima?"

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu kiwanda kifungwe. Nikamwambia aniachie mimi. Nimekata maboksi miaka mingi Industrial Area, siwezi kushindwa na mtoto wa miaka minne.

Jumamosi, 11 Mei

Nimejaribu kwa watoto wangu kwanza. Karai, vifuniko vya chupa, kijiko, kipande cha mkaa. Kipi kinaelea, kipi kinazama? Hope anakisia kabla ya kutumbukiza: "Hiki kitakufa." Brandon yeye alitaka kuingia karai mzima mzima. Miaka mitatu tu lakini anapiga kelele kama mkutano wa barabarani.

Boti nimekata kwa boksi la sabuni nikalisugua mshumaa lisilowe. Zimeelea! Mtungi mzima wa maji umeisha. Yale ya mchezo nimefulia shati, kisha nikapiga deki nayo. Sidhani kule Lavington watapiga deki nayo.

Filister amekaa kwa stuli akikariri kila kitu kama anaenda kufanya mtihani.

Jumamosi, 18 Mei

Madam amefurahi sana. Ati Filister ana kipaji. Ametupatia keki iliyobaki. Brandon amekula karatasi yake pia.

Nikauliza, "Ulimwambia ni nani alikata boti?"

"Ningesemaje? Kwamba kazi yangu nafanyiwa na mzee nyumbani?"

Sawa. Kweli angesemaje.

Jumatano, 29 Mei

Wiki ya soko. Nimetengeneza mizani kwa vifuniko viwili na kamba, nimechora nyanya na vitunguu kwenye kadibodi. Hope anauza, Brandon ananunua. Brandon hataki kulipa, anataka kukopa! Anasema, "Andika, nitaleta." Ameyatoa wapi? Kwangu, ninapokopa kwa kibanda cha Mama Seline. Nikaona aibu.

Jirani yangu Shiundu, yule seremala, amesimama mlangoni. "Niaje Baba Hope! Umefungua nursery?"

Alicheka mpaka bombani.

Jumatatu, 3 Juni

Leo Filister ameondoka na mfuko wa nguo. Madam anataka awe analala huko, atoke Jumapili peke yake. Amemwongezea mshahara. Amemwambia, mtoto amemzoea sana kwa sababu ya ile michezo.

Kwa sababu ya ile michezo!

Brandon amelia hadi akapata kwikwi. Nimemfanyia ng'ombe wa kadibodi, akamkanyaga.

Jumanne, 11 Juni

Shiundu amekuja bila mzaha. Kuna mjengo Westlands, wanataka watu, kazi ya mpaka Desemba. Tuondoke kesho alfajiri.

Watoto nitawaachia nani? Nimeenda kwa Mama Seline, ana kibanda na ana mapacha wake. Dada yangu Amondi yuko Kianda, kule Kibera, na anauza samaki kutwa. Nimezunguka ploti nzima. Wapi.

Nimemwambia Shiundu mgongo unaniuma. Amenitazama, akamtazama Brandon kwenye mkono wangu. Afadhali angecheka.

Kwa hivyo mke wangu anachunga mtoto wa mtu kwa mshahara, na mimi nachunga wangu mpaka nakosa mshahara. Hesabu gani hii?

Jumapili, 16 Juni

Amekuja na uchovu na mkate. Akauliza tu, "Wiki hii ni rangi. Umenifikiria nini?" Hakuvua hata viatu.

Nimemwambia matope. Matope mengi, ya rangi mbalimbali, ndani ya nyumba, mtoto apakwe mikono na miguu atembee juu ya shuka.

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani. Nje hayatakauka vizuri."

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Nimetaka lile zulia lao jeupe liharibike. Nimetaka Madam apige kelele. Nimetaka mke wangu arudishwe Jumatatu na mfuko wake, aingie hapa analia, na mimi nimwambie pole.

Amenishukuru.

Jumapili, 23 Juni

Madam amependa matope!!

Ati hajawahi kuona mtoto akiwa huru namna ile. Ameita akina mama wengine watatu na watoto wao waje kuona. Amepiga picha. Shuka yenye nyayo za Emil ataitia fremu atundike ukutani. Zulia walilikunja tu kando. Ni la kukunja. Sikujua kuna zulia la kukunja.

Filister anasimulia huku akicheka, mikono hewani, mrembo kama wakati ule nilipomwona mara ya kwanza kanisani. Nikacheka naye. Uso uliniuma.

Jumapili, 30 Juni

Sijui nianzie wapi. Kazi ya Madam imehamishiwa Ubelgiji. Anataka kwenda na Filister. Miaka miwili. Amesema hawezi kupata mwingine wa kucheza na Emil vile.

Filister ameniambia nikiwa nakuna nazi — hapana, nilikuwa nakatakata sukuma wiki. Hata sijui naandika nini.

"Nimesema nitaongea na wewe kwanza," akasema. "Wanataka barua yako. Kwa pasipoti. Mwanamke aliyeolewa hapewi bila mume kukubali."

"Na wewe unataka?"

"Hope aanze shule nzuri, si hii ya mabati."

"Sijauliza Hope. Nimeuliza wewe."

Akachukua kisu mkononi mwangu akamalizia ile sukuma. Jioni amerudi Lavington.

Alhamisi, 4 Julai

Amondi ametoka Kianda kwa mguu kuja kunisema. Nani amemwambia? Kibera na Kawangware zina mdomo mmoja.

"Usimpe barua," akasema. "Nani ashawahi kurudi kutoka huko? Watoto watakuuliza mama yao, utawaonyesha boksi?"

Nikamwambia pesa ni nzuri. Akasema hata mimi nilikuwa na pesa nzuri kiwandani. Nikamwambia nikikataa, Filister atanichukia maisha yake yote ndani ya chumba hiki hiki, futi kumi kwa kumi.

Hapo dada yangu akamkata Hope kucha, akatuachia samaki, akaenda.

Aliyemfanya Filister atakikane ni mimi. Kila boti, kila mizani, hata yale matope ya nia mbaya. Ningekuwa mjinga kidogo angekuwa hapa.

Jumapili, 7 Julai

Amekuja mapema leo. Mada ya wiki ni ndege. Emil anaogopa kupanda ndege, Madam anataka azoeshwe kwa mchezo. Barua hakuitaja. Mimi pia sikuitaja. Lakini kaniomba nimpangie.

Na nimempangia! Mimi ni mtu wa namna gani?

Stuli mbili, debe na ukingo wa kitanda ndivyo viti. Madirisha nimeyachora kwa mkaa. Mikanda ni tai yangu ya harusi na leso yake. Hope amekaa mbele. Brandon ndiye injini, ananguruma nyuma kwa mdomo wazi, mate yanaruka. Filister anapita katikati na vikombe, anatuinamia mmoja mmoja kwa Kizungu chake kipya, "Tea or coffee, sir?" Nimeagiza soda. Ameniambia soda zimeisha, bwana, subiri ndege ya kesho. Tumecheka wote wanne. Kwa dakika hiyo nilisahau kabisa.

Halafu Hope akauliza, "Mama, tukifika huko kuko aje?"

Filister akachuchumaa karibu naye, akaanza kumweleza. Baridi inayofanya maji yawe mawe. Treni inayopita chini ya ardhi. Nyumba ndefu nyembamba yenye ngazi. Chumba atakacholala yeye kiko juu kabisa, upande wa bustani. Kitanda cha mtu mmoja. Kabati la kijani lenye kioo. Ukifungua dirisha kuna mti wa matofaa, karibu uguse. Na mlango una ufunguo wake mwenyewe.

Mimi sijawahi kuambiwa kuna chumba. Rangi ya kabati ameijua lini?

Aliinua macho akaniona ninavyomtazama.

Hope akasema, "Na sisi tutalala wapi?"

Filister akasema maharagwe yanaungua, akatoka kwenda kwa jiko nje. Leo hatukupika maharagwe. Namwona kwenye upenyo wa pazia, amesimama tu, amenipa mgongo, mikono kichwani.

Nimeshika kalamu ili nionekane nina kazi. Brandon bado ananguruma, hajui ndege imesimama. Hope hajafungua mkanda. Ananivuta shati. Baba, tutalala wapi? Baba —