Zege Lenye Sura ya Wazee

Neema mjukuu wangu,

Kikohozi kimekwisha? Huku Guangzhou tu wazima. Nasema mimi, anaandika mama yako mdogo, tena kanuna kwa uchovu wa mizigo.

Unauliza kama uchane mchoro wako wa ukumbi, kwa kuwa wenzako chuoni wanaucheka: zege na paa la msonge wapi na wapi?

Sikiliza. Nilipokuja huku mara ya kwanza, nikiwa na nguvu za kubeba marobota, mwanafunzi wa kwetu anayesoma huku alitupeleka sisi wachuuzi kuona jumba la serikali ya jiji. Vigae vinang'aa, pembe za paa zimepinda juu, boriti zina rangi kama kanga mpya.

"Mbao za kale hizo, mama," akasema mwanafunzi.

Nikagonga nguzo. "Zege hili!"

"Umesomea wapi ujenzi?"

"Utosini, lilipokaa karai la zege miaka minne."

Bawabu mzee wa pale alipotafsiriwa maneno yetu akacheka, akaipapasa nguzo kama ng'ombe wake. Akasema waliojenga walikuwa na saruji na nondo, wangeweza kuinua jengo la sanduku kama ya wageni, lakini walitaka jumba jipya lenye sura ya majumba ya wazee wao.

Nilijiona mrefu siku ile. Zege nililobeba kwetu lilijenga masanduku tu. Sikujua linaweza kufanana na msonge wa bibi yangu.

Usichane, mtoto we! Wanaocheka waulize nyumba za bibi zao zilikuwa na paa gani. Wakijibu, wasijibu, wewe chora.

Akupendaye kwa makelele,
Bibi yako