Chai Iliyorudi Shambani

Atupele, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Ugonile. Huku Ibighi sote tu wazima, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume.

Umeniuliza kama kuna mtu aliwahi kutufundisha hayo unayosoma huko Dodoma, namna shirika linavyojirekebisha kwa kusikia matokeo ya kazi yake. Alikuwepo. Miaka ile ya soko huria, kabla kiwanda cha chai hakijauzwa, aliletwa mshauri mmoja, mama mpole wa kutoka Dar. Alichora duara ubaoni, akatuuliza sisi wachuma chai, "Chai yenu ikishaondoka hapa, nani huwarudishia habari zake?"

Majani tuliyajua tangu utoto, lakini chai ya daraja la kwanza hakuna aliyewahi kuionja. Yote ilikwenda mnadani.

Kesho yake akaja nayo shambani, kwenye birika. Babu yako alikunywa taratibu, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Tangu hapo alichuma majani mawili na kichipukizi tu, yale laini yanayotoa chai nzuri, kama anamchumia mtu anayemjua.

Kiwanda kilipopata mmiliki mpya, birika lile halikurudi tena. Babu yako alilitaja mpaka anatuacha.

Kila nikikutumia ndizi na maharage kwa basi, unanijibu, "Bibi, mzigo umefika." Ndaga, mjukuu wangu, nashukuru. Lakini hujawahi kuniambia kama vilikuwa vitamu.

Bibi yako