Bunduki ya Mbali ya Taban wa Koboko

Onduparaka, Arua

Mke wangu mpenzi, Mama Saidi,

Barua hii isome ukiwa umeketi, tena ukiwa umeshakula, maana ni ndefu. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimeniacha. Ninyi je? Mguu wa mama mkwe unakanyaga sasa? Saidi ameacha kutoroka madrasa? Na yale mahindi ya bondeni, ngedere wamewabakizia chochote?

Nimempa barua dereva wa lori, mtu wa Manyoni, anayeshuka huko na mzigo. Kwenye simu sikutaka. Simu yako hukaa kwenye spika, na masikio ya watoto hayana mlango. Najua umeshasikia kwa shemeji kwamba nimeondolewa kwenye uwindaji na siku hizi nafua mahema ya wageni. Ni kweli. Lakini sikulewa wala sikuiba, na nataka usikie kwangu.

Bosi wangu, Bwana Candia, ndiye mwenye kampuni ya kuleta wawindaji wenye vibali. Siku moja aliniita. Akasema kuna mfanyabiashara wa mbao Koboko, jina lake Taban, anataka kununua bunduki ya kuwindia swala kutoka mbali. Hajui achague ipi wala risasi gani. "Nenda ukamsaidie," akasema, "kisha uweke saini kwenye maombi yake ya bunduki kwamba umemfundisha." Nikaona ni kazi nyepesi. Kuchagua bunduki ndicho kitu ninachofanya tangu nilipokuwa Itigi, unajua mwenyewe.

Taban alinipokea vizuri mno. Ni mtu wa makamo, mtoto wa askari, mpole wa sauti. Alinipa chumba chenye neti mpya. Ila nilipotoka kwenda chooni, naye akatoka nyuma yangu. Niliposema naenda kuswali Ijumaa, akasema tutakwenda pamoja. Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Tulikaa barazani, akanionyesha picha za bunduki kwenye simu. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wageni wote. Risasi ya .375 ni ya nyati, kwa swala ni kubwa bure, itakuharibia nyama na kukuvunja bega. Ile ya .308 inapatikana kwa urahisi na wengi wanaijua. Ya .270 inakwenda imenyooka zaidi, haishuki upesi. Lakini risasi yoyote ikienda mbali upepo huisukuma, na mnyama akipiga hatua moja tu umempiga tumbo. Kwa hiyo mwindaji mzuri hanunui umbali, hunyata akasogea.

Hayo ya kunyata hakuyasikiliza kabisa. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha huku, "Iko gani inapiga mbali sana, na kelele yake iko kidogo?"

"Unawinda swala gani?" nikamuuliza.

"Swala tu."

Mama Saidi, sijapata kumwona mwindaji anayesema "swala tu." Atakwambia dume au jike, atakuonyesha pembe kwa mikono, atakupigia hadithi ya yule aliyemponyoka. Huyu hakuuliza nyama itabebwaje. Nikamuuliza kibali cha kuwinda kiko wapi. "Iko njiani," akasema, akanimiminia chai.

Asubuhi nilimwomba anionyeshe wanapopita hao swala, maana bila kujua umbali huwezi kuchagua risasi. Tukapanda kilima nyuma ya nyumba yake. Akanyoosha kidole ng'ambo ya kijito. "Pale. Nyuma ya ile choo."

Nikachukua darubini. Nikaona shamba la muhogo, mbuzi wamefungwa, nyumba ya bati jipya. Mwanamke alikuwa akipuliza moto. Mwanamume mwenye fulana ya timu ya mpira alikuwa akinawa uso kwenye jerikeni. Njia ya wanyama hakuna, mavi ya swala hakuna, hata nyasi za kumficha sungura hakuna. Kipima umbali cha darubini kikasoma zaidi kidogo ya meta mia nne.

"Pale wanakaa nani?"

"Watu tu."

Swala tu, watu tu. Nikashusha darubini.

Mchana shangazi yake, bibi mmoja anayeishi hapo nyumbani, alipoleta chakula, nilimngoja Taban apokee simu ya wateja nikamuuliza taratibu. Bibi akatazama mlango kwanza. "Ule iko Isaka, ndugu yake. Baba moja, mama mbili." Kisha akainama kama anaokota kitu. "Mtoto ya Taban, ya kwanza, alikula kwa Isaka siku ya arusi. Akarudi anatapika. Akakufa. Watu nasema sumu. Toka siku ile hii mutu hapana lala usiku."

Nilianza kumshuku hata bosi wangu. Alijua? Kwa nini alinituma mimi mgeni, nisiyejua nani ni ndugu ya nani, kisha saini iwe yangu?

Jioni nikamwambia Taban uso kwa uso, "Ndugu yangu, bunduki ya kazi unayoitaka mimi siijui. Sitaweka saini."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Akaniuliza, "Wewe iko na watoto?"

"Wawili."

"Iko hai?"

"Wako hai."

"Basi nyamaza."

Mama Saidi, mawazoni nilimwona Saidi wetu anatapika mikononi mwangu, na kwa kitambo kidogo nilimwelewa mtu yule hadi nikajiogopa. Lakini yule mwanamke anayepuliza moto hakutoka machoni mwangu. Polisi nao nilifikiria kwenda. Ningesema nini, kwamba mtu ameuliza habari za bunduki? Koboko nzima ni watoto wa askari, bunduki kwao si habari, wangenicheka, au wangeniweka ndani mimi.

Kesho yake, Taban alipokwenda sokoni kwenye mbao zake, nilimwambia bibi anipeleke ng'ambo. Isaka alikuwa mlangoni na panga mkononi kabla hatujafika. "Wewe ndiyo ule mutu ya bunduki," akasema. Mji ule hauna siri. Mkewe aliwavuta watoto ndani.

Nikamwambia nilichokiona kilimani. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza neno moja tu: "Inafika mpaka hapa?"

"Inafika."

Akaweka panga chini. "Ule mtoto alikula sahani moja na watoto yangu. Mke yangu alitoa chakula kwa mkono yake. Hapana jua nini ilimuua, Mungu iko anajua. Lakini kwa mazishi wakanifukuza. Sasa mimi naonja chakula mbele ya watoto yangu mwenyewe, kwa sababu nasema labda iko mutu anaweka sumu kweli."

Nilidhani atakimbia, awapeleke watoto kwa wakwe zake huko Adumi. Badala yake aliosha miguu, akavaa shati, akavuka kijito nasi nyuma yake. Taban alikuwa ndiyo kwanza amerudi. Isaka akaenda akasimama mbele yake, karibu hata wangeweza kupigana vichwa.

"Nasikia unatafuta bunduki ya mbali," akasema. "Ya nini ya mbali? Mimi iko hapa."

Taban akatutazama, mimi na shangazi yake, kama anatafuta nani amemsaliti, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Tulisikia kilio. Si kilio cha mwanamke wala cha mtoto, ni kile cha mwanamume aliyekizuia muda mrefu. Isaka alikaa kwenye kizingiti, mgongo umeegemea mlango ule, hadi bibi akamwambia arudi kwa watoto wake.

Nikarudi Arua. Bwana Candia alisema nimempotezea mteja. Nilimtazama machoni nijue kama alijua. Sikuona kitu. Tangu hapo nafua mahema, na bado namtazama.

Juzi bibi alinipigia simu. Maombi ya bunduki Taban ameyaacha, ndivyo anavyosema. Mimi sijui, anaweza kumpata mshauri mwingine. Lakini akaniambia na hili: Taban alivuka kijito peke yake, akaketi mlangoni kwa Isaka. Mke wa Isaka akamletea maji. Akakishika kikombe muda mrefu, anakitazama, na yule mwanamke amesimama palepale hajaondoka.

Kisha akanywa.

Nisalimie mama mkwe na mguu wake, dada yangu mkubwa anayeuza vitumbua, shemeji fundi baiskeli mwenye mdomo mwepesi, na mwalimu wa madrasa umwombe amvumilie Saidi. Binti yetu mbusu mashavu yote mawili. Watoto wakitoka kula kwa jirani usiwaulize wamekula nini. Waache wale.

Ni mimi mumeo anayekuwaza,
Hamisi