Mafuta ya Karafuu ya Mama Yako

Ghorofa ya nne, Mchafukoge,
Dar es Salaam.
16 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Najma,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe, mumeo Ramadhan na watoto. Goti lako linaendeleaje? Nilisikia uliteleza kisimani.

Mimi bado napumua, ingawa kwa shida. Lifti ya jengo letu imekufa tangu Agosti, na moyo wangu hauziwezi tena ngazi. Mbele ya dirisha wamesimamisha jengo la maduka. Nikifungua naona ukuta. Kelele za Kariakoo nazisikia, watu siwaoni.

Mgongoni nina fangasi. Ilianzia kiunoni, sasa imefika mabegani. Nimemeza vidonge vya kila aina, haisikii. Daktari anasema ni sugu. Mfamasia aliyeuza dawa za ngozi miaka thelathini sasa anajikuna mlangoni kama ng'ombe. Cheka tu, mwanangu.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya mgongo.

Unayakumbuka mafuta ya mama yako, yale ya karafuu na nazi. Wenye choa, ile fangasi ya ngozi, walimjia dada yangu Waridi hata wakitokea hospitali. Hakuwakataza vidonge, aliwaambia wameze na wapake. Nilimcheka, halafu nikaanza kuchukua mafuta yake na kuyauza dukani kwenye makopo yenye jina langu.

Wateja walitaka muwasho ukome siku hiyo hiyo. Basi nyuma ya duka nikawa nakorogea humo krimu kali ya steroidi. Muwasho ulikoma kweli. Fangasi haikufa, ngozi tu ndiyo iliyonyamazishwa, nayo fangasi ikasambaa chini kwa chini. Watu wakarudi na nyuso zimebabuka.

"Mzee wa makopo, dawa yako inawasha kuliko ugonjwa!" mmoja alipiga kelele, mtaa mzima ukacheka. Nikajibu, "Muulizeni Waridi, mafuta ni yake. Mchafu yule."

Nilisema hivyo, Najma. Mama yako alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha jirani, anasikia. Aliosha chupa zake, akazigawa, na mwezi haukuisha mkahamia Mtwara. Wewe uliambiwa anafuata biashara ya korosho. Amekufa sijamwambia kwamba mafuta yake hayakuwa na kosa lolote.

Mwezi uliopita alinijia mtafiti wa maabara, Elimringi, aliyesikia habari za makopo yangu kwa mteja wa zamani aliyepona kabla sijaanza kukorogea krimu. Anaotesha fangasi sugu zilizotoka kwa wagonjwa. Alinieleza kwamba zimejifunza kuitema dawa kabla haijaziua. Kilichomo ndani ya karafuu hutoboa ngozi ya fangasi na kuifanya ishindwe kutema, na ile dawa ya zamani ikiwekwa pamoja nacho inaua tena. Hayo bado ni kwenye visahani vya maabara, hajajaribu kwa mtu. Alitaka vipimo vya kuchanganyia mafuta "yangu".

Mara ya kwanza nilijifanya nimesahau. Mara ya pili nilimtajia vipimo vya kubuni. Akaenda kuvijaribu, vikashindwa. Akarudi. "Mzee, hebu kumbuka vizuri. Karafuu zilichemshwa au zililowekwa?"

Sikujua. Miaka sita nauza mafuta yale, sikuwahi hata siku moja kumuuliza dada yangu anayatengenezaje.

Hapo nikaishiwa uongo, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Yeye akafuta jina langu kwenye fomu yake, akaandika la mama yako.

"Na wewe mzee, nikuandike nani?"

Nikamwambia aniandike mgonjwa.

Wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia mama yako jikoni. Hakuna mwingine aliye hai anayejua. Namba ya Elimringi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukimpa vipimo, hakikisha anaandika ni vya Waridi binti Abdulkadiri. Ukikataa ni haki yako, sitakulaumu. Msamaha nauomba, ila usinipe kwa kuhurumia ugonjwa wangu. Na kwangu usilete chupa ya mafuta hayo.

Nisalimie sana Ramadhan, mwanao Amira na wifi yako Zamda. Mwenyezi Mungu awape afya, na amtendee mama yako mema kuliko nilivyomtendea mimi.

Ni mjomba wako akupendaye,
Abubakary