Waliorukwa Kwenye Orodha

Maskati, 3 Februari 2025

Dada Namirembe,

Salamu nyingi. Hujambo? Mwanao Kirabo hajambo? Miye mwili mzima. Uso ndio sina, na ndiyo sababu miezi mitano imepita sijakuandikia.

Unakumbuka Septemba, kituo chetu cha kusafishia damu kilipohama mtaa wa Ghala kwenda Mabela. Programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa kuhama niliiandika miye. Nusu yao hawakuupata. Mzee Ghaith akaletwa na bintiye kutoka Yiti, wakakuta Ghala kumefungwa, wakarudi. Kesho yake akalazwa mapafu yamejaa maji.

Mudir, mkurugenzi wetu, alipouliza, nilimjibu, "Programu haina kosa. Labda Namirembe kaingiza namba za simu vibaya." Ukafukuzwa kwa neno langu. Namba zako zilikuwa sahihi zote. Programu yangu ndiyo iliyokosea.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Mahbuba


Kampala, 20 Februari 2025

Mahbuba,

Salamu zimefika. Sisi ni wazima, Kirabo ameanza darasa la kwanza.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ile karatasi niliyokuletea unaikumbuka? Nilikuonyesha kwamba waliokosa ujumbe ni wa pili, wa nne, wa sita, hivyo hivyo mpaka chini. Nikakuuliza, mtu akikosea namba, atakosea kwa mpango hivi? Ukanijibu mbele ya wagonjwa, "Dada, wewe shika simu. Kompyuta niachie mimi."

Nataka mambo mawili. Nieleze kosa lilikuwa nini, kwa maneno ya mtu wa mapokezi. Halafu uniambie ulilijua lini.

Mama Kirabo


Maskati, 11 Machi 2025

Dada yangu,

Natumai mmeamka salama. Hapa sote wazima, alhamdulillahi.

Kosa ni hili. Programu ilikuwa inaipita orodha mtu mmoja mmoja. Kila iliyemtumia ujumbe, nikaiamuru imfute hapo hapo, asije akatumiwa mara mbili. Sasa ikimfuta wa kwanza, wote wanasogea: wa pili anakaa pahala pa kwanza. Programu haina habari. Inakwenda pahala pa pili, na hapo keshakaa wa tatu. Wa pili karukwa. Ikenda hivyo hadi mwisho, ikamaliza kimya, bila kulalamika. Ilitakiwa ipite kwenye nakala, ndiyo ifute kwenye orodha yenyewe. Mstari mmoja tu, dada. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa.

La pili nimelifuta na kuliandika tena mara nyingi. Nilijua Alhamisi, ushafukuzwa tayari. Ndege yako ilikuwa Jumamosi. Karatasi yako ndiyo iliyonifumbua macho. Nikaitengeneza programu, nikawatumia waliobaki, na kwenye ripoti nikaandika "namba zimesahihishwa." Ijumaa nilifika hadi mlangoni kwenu. Nikasikia unavuta mkanda wa kufungia sanduku. Nikageuka.

Mdogo wako,
Mahbuba


Maskati, 6 Mei 2025

Dada Namirembe,

Salamu kwako na kwa Kirabo. Hukunijibu, na sikulaumu.

Nimemwambia mudir yote. Kaandika barua ya kukusafisha, ni hii nimeiambatisha. Miye kazi sina tena, na ni haki.

Kisha nikenda Yiti. Mzee Ghaith kapona, ingawa hatembei bila kushikwa. Kazaliwa Unguja, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Nilipomaliza kukiri, bintiye Ruba akanyanyuka, akanambia, "Toka." Mzee akamzuia.

"Wewe mtoto," akanambia, "miye nimelala kitandani siku tisa nikimwapiza yule Mganda. Kila sala. Kumbe nnamwapiza asiyenikosea?"

"Ndiyo, babu."

"Basi umenitia dhambini na miye. Nipe namba yake."

Nilimpa. Kama nimekosea tena, niwie radhi.

Mdogo wako,
Mahbuba


Kampala, 1 Juni 2025

Mahbuba,

Habari za huko? Hapa mvua, na Kirabo alikuwa na homa lakini ameshapona.

Mzee Ghaith alinipigia simu Ijumaa. Alikuwa analia, anasema, "Mwanangu, nilikuapiza." Nilimsamehe hata kabla hajamaliza, maana yeye alidanganywa. Tukaongea muda mrefu. Ameniuliza kama Kirabo anajua kusoma.

Barua ya mkurugenzi nimeipeleka zahanati moja hapa. Wameniita kwenye usaili.

Wewe bado sijaweza kukusamehe. Kosa la programu lingempata yeyote. Ila zile siku mbili nilizofunga mizigo huku wewe unajua, zimenikwama kooni. Kusimama mlangoni ulisimama. Ungebisha hodi tu.

Usiniombe tena. Siku nikiweza, nitakuandikia mwenyewe.

Mama Kirabo